Viza ya kea ya Uingereza: serikali nyota nne, ajenti moja, bosi wa kwanza hata nusu hapati

Kila wiki kuna mtu wa nyumbani ananiuliza hili swali, binamu, jirani wa Kisauni, juzi mpaka mwalimu wangu wa sekondari: hii viza ya kea ya UK iko sawa ama ni utapeli, na kuna ajenti anasema bado ana nafasi, nitume pesa? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwaio naandika yote hapa. Nimeishi na hii viza tangu mwisho wa 2023, nimekua na mabosi wawili chini yake, nimeona utamu wake na nimeona uchungu wake.

Wenye haraka chukueni hili muende zenu: kama uko nje ya Uingereza na unataka kuja kufanya kazi ya kea, yani kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani kwao ama kwenye nyumba za wazee, mlango ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Sio eti zimebaki chache, sio eti ajenti ana mtu wake ndani, hakuna. Mwajiri wa huku haruhusiwi tena kumdhamini kea mpya kutoka nje, hata awe na leseni safi kiasi gani. Anayekuuzia hio kazi leo anakuuzia hewa.

Sasa wenye subra. Viza yenyewe haijafa. Inaitwa Health and Care Worker, ilianza Agosti 2020 kwa ajili ya madaktari na manesi na wengine wa hospitali, alafu Februari 2022 ndo wakaingizwa watu wa kea manake nyumba za wazee zilikua zimekauka wafanyakazi baada ya korona na baada ya watu wa Ulaya kuondoka. Hapo ndo ikawa mbio, kila mtaa Mombasa na Nairobi ukawa na ofisi ya ajenti. Nesi bado anaingia nayo mpaka leo. Na sisi watu wa kea ambao tuko ndani tayari tunaweza kuongeza muda ama kuhamia bosi mwengine mpaka tarehe 22 Julai 2028, na mwanafunzi aliyeko huku anaweza kuhamia ila awe amemfanyia kazi huyo bosi kihalali angalau miezi 3 kabla ya kudhaminiwa. Kwaio haya maoni ni kwa ajili ya manesi, walioko ndani, na wale ambao wako karibu kutuma pesa kwa ajenti usiku wa leo.

Nianze na serikali manake hapo sina lawama nyingi. Fomu iko onlaini, imeandikwa kwa Kingereza chepesi, unajaza kidogo, unasevu, unarudi kesho. Ada kwa viza isiyozidi miaka 3 ilikua pauni 304 kuanzia Aprili 2025. Na kuna ile tozo ya afya ambayo watu wa viza zingine za kazi wanalipa pauni 1,035 kwa kila mwaka, mtu wa miaka 3 inamkata zaidi ya pauni elfu tatu kabla hajapanda ndege, sisi wa hii viza tumesamehewa yote. Hilo peke yake lilinifanya niipende. Majibu ukiomba kutoka nje kwa kawaida ni wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole, ukiomba ukiwa ndani ni wiki 8.

Kwa upande wa nyumbani kuna kipimo cha TB kwa IOM Nairobi, shirika la kimataifa la uhamiaji, hicho hakikwepeki ukitoka Kenya, na sio hospitali yoyote tu, ni ile iliyoidhinishwa. Kuna cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi wa Kenya, unaomba eCitizen unaenda Huduma Centre kuchapa vidole. Kuna pauni 1,270 zikae kwenye akaunti yako siku 28 mfululizo bila kuguswa, ila bosi akiweka tiki kwamba atakugharamia mwezi wa kwanza hio haikuhusu, na bosi mwenye nia njema anaiweka hio tiki bila kuombwa mara mbili. Kingereza nacho kimepandishwa, tangu tarehe 8 Januari 2026 anayeingia upya anatakiwa awe kiwango cha B2, zamani ilikua B1. Mwenye digrii iliyosomeshwa kwa Kingereza anaweza kupitia Ecctis, wale wahakiki wa vyeti vya nje, wakamthibitishia badala ya kukaa mtihani. Na hakuna tena kadi, zile kadi za ukaaji ziliisha 2024, sahivi viza iko kwenye akaunti yako onlaini, bosi akitaka kuhakiki unamtolea msimbo wa tarakimu na herufi 9 anaangalia mwenyewe. Mamangu mpaka leo haamini, anauliza "sasa hio viza iko wapi, niione?" Mama, iko hewani.

Haya, ajenti. Wangu simtaji. Ofisi nzuri, kiyoyozi, bendera ya Uingereza mezani, na neno "dadangu" kila sentensi. Kitu ambacho hakunambia hata siku moja ni kwamba pesa nyingi alizokua ananitoza ni gharama za bosi, sio zangu. Elewa hapa manake ndo watu wanaliwa hapa. Bosi wa Uingereza akitaka kukuleta anahitaji leseni ya udhamini, analipa yeye. Alafu kwa kila mtu anatoa kitu kinaitwa CoS, yani Certificate of Sponsorship, uthibitisho kwamba anakudhamini, mwaka 2025 serikali ilikua inamtoza pauni 525 kwa moja, analipa yeye. Na kwa CoS zilizotolewa tangu tarehe 31 Disemba 2024 amekatazwa kabisa kumrudishia mfanyakazi mzigo wa hio ada, wala ya leseni. Akikukata kwa mlango wa nyuma wakamjua, leseni inaenda.

Na CoS sio karatasi jamani! Ni rekodi kwenye mtandao wa serikali, ina namba yake, wewe unachohitaji ni ile namba na maelezo ya kazi basi. Ile PDF yenye muhuri mwekundu na nembo mnayotumiwa kwa WhatsApp, yoyote mwenye kompyuta anaichora kwa nusu saa. Mimi niliambiwa hivi kwa simu:

"Dadangu, CoS yako ishatoka, maliza ile balansi nikuachilie."

"Nitumie namba kwanza niione."

"Haionekani mpaka ulipe, mfumo wa wazungu ndo ulivyo."

Nikamuandikia bosi moja kwa moja, barua pepe yake iko kwenye tovuti yake, nikaeleza mimi nani. Namba ikaja jioni ile ile, bure. Ajenti alivyojua nimeipata akanuna kama wiki hivi, na ile laki tatu na nusu ya kwanza aliyoiita ada ya usajili haijawahi kurudi na hakuna risiti inayoeleza ilisajili nini. Nampa nyota moja manake ni yeye aliyenikumbusha tarehe ya TB.

Sasa tuje kwenye bosi, na hapa nitakaa manake hii ndo bidhaa yenyewe mnayonunua. Watu wanauliza viza, viza, viza, hakuna anayeuliza bosi ni nani. Viza hii inakufunga mgongoni mwa bosi kwa mbeleko, akisimama mmesimama, akianguka mnaanguka wote na wewe ndo wa chini. Jina lake liko kwenye viza yako. Huwezi kuamka Jumatatu ukasema namuacha huyu naenda kwa yule, lazima yule mpya awe na leseni, akutolee CoS mpya, uombe viza upya, ulipe ada upya, na usianze kazi kwake mpaka jibu litoke. Kazi ya kulipwa unayoruhusiwa kwengine bila kuomba ni mpaka saa 20 za ziada kwa wiki, kwa kazi ile ile ama nyengine inayokubalika kwa hizi viza za kazi, na hizo pia lazima uwe unafanya kazi yako ya kwanza.

Bosi wangu wa kwanza alikua kampuni ndogo ya kea ya majumbani, katikati ya Uingereza. Kontrakti inasema saa 39 kwa wiki. Rota, yani ratiba ya zamu, inasema kumi na kitu. Nikiuliza naambiwa subiri, wateja wanakuja. Tulikua wengi, Wakenya, Wazimbabwe, Wanigeria, Wahindi wa Kerala, wote tunasubiri wateja wanaokuja. Sasa niwaeleze kea ya majumbani inavyokwenda manake ajenti hawaelezi: unaenda kwa bibi mmoja nusu saa, umuoshe, umpe dawa, chai na mkate, umuandikie kwenye simu ulichofanya, alafu unaendesha dakika ishirini kwenda kwa babu mwengine robo saa, alafu unakaa kwenye gari saa mbili kusubiri mteja wa mchana. Unatoka asubuhi saa kumi na mbili giza, unarudi saa nne usiku giza, ukija kuhesabu umelipwa saa sita. Sheria ya huku inasema muda wa kusafiri kutoka mteja mmoja kwenda mwengine unahesabiwa kazi kwenye kima cha chini cha mshahara. Yule bosi alikua anahesabu dakika za ndani ya nyumba tu, mlango ukifungwa saa inasimama.

Na gari. Tangazo lilisema "leseni ya udereva ni nyongeza nzuri". Nyongeza wapi, bila gari hakuna rota! Leseni ya Kenya inakubaliwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi huku, baada ya hapo ni mtihani wao, nadharia pauni 23, barabarani pauni 62 siku za kazi, na foleni ya kupata tarehe ni miezi. Bima ya gari kwa mtu mgeni sitaki hata kuitaja. Kampuni ikajitolea kukukodishia gari lake, inakata kila wiki, saa zikiwa chache unajikuta gari linakula mshahara wewe unaangalia. Kuna dada mmoja wa Kisumu payslipu yake ya mwezi ilikua inachekesha na kuliza.

Mbona hamkulalamika? Ndo hapo mbeleko inapokaza. Meneja alikua na maneno mawili tu, "Home Office", yani wizara ya mambo ya ndani inayotoa viza, na "kuripoti". Ukweli ni kwamba bosi kweli ana wajibu wa kuripoti, ukikosa kazi siku 10 mfululizo za kazi bila ruhusa anatakiwa aseme, ukiacha kazi anatakiwa aseme. Lakini hakuna sheria inayosema ukidai saa zako unafukuzwa nchini, hio aliitunga yeye. Acas, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, wana simu ya kueleza haki za kazi na ushauri wao ni bure, hawakuulizi karatasi zako ziko vipi, na UNISON ni chama cha wafanyakazi kinachojua kesi za watu wa kea wa kutoka nje. Nyota za huyu bosi mmeziona kwenye kichwa cha habari.

Alafu leseni yake ikafutwa. Hatukushangaa sana, manake hakuwa peke yake, serikali yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Disemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kea, na wafanyakazi waliokua wanahusishwa na hayo makampuni walizidi 39,000. Hebu fikiria hio namba, uwanja mzima wa mpira na watu wa kusimama nje, na wengi wao walilipa ajenti kama mimi. Leseni ikifutwa sio wewe uliyekosea ila barua inakuja kwako pia: una siku 60 upate bosi mwengine, ama uondoke. Siku zinaanza barua ikifika, sio siku leseni inafutwa, kwaio msikurupuke kukata tiketi siku ya kwanza, lakini msilale pia.

Kitu kilichonisaidia kina jina baya kulitamka, ni ule ushirikiano wa kimkoa wa ajira za kimataifa, kila mkoa wa England ulikua na wake, kazi yao ilikua kuwaunganisha watu wa kea walioachwa na leseni zilizofutwa na waajiri walio safi. Ilikua bure. Ukipata barua angalia ndani kama wanakutajia wa mkoa wako. Nilijaza fomu, nikapata interviu, moja kwa Zoom na moja ya kwenda, na huko ndo nikampata bosi wa sahivi. Nyota tano kwa wale akina mama wa pale ofisini, walikua wanapiga simu kuuliza nimekula.

Baada ya hapo nikajifunza kumchunguza bosi kabla ya kumwambia ndio, na haya mtu wa nesi pia yanamhusu. Orodha ya waajiri wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, inaitwa register of licensed sponsors, faili kubwa, unaipakua bure unatafuta jina. Angalia ni A ama B. Mwenye B amepewa onyo, hawezi kutoa CoS mpya kwa watu wapya mpaka ajirekebishe. Jina kutokuwepo ndo mwisho wa mazungumzo, ila jina kuwepo sio ushahidi kwamba wana kazi, matapeli wanachukua jina halisi kutoka kwenye hio hio orodha wakakuandikia barua ya ofa kwa anwani ya gmail. Kwa kea ya England yenyewe, sio Scotland wala Wales, ingia CQC, ndo wakaguzi wao, soma ripoti ya mwisho, soma mpaka ile sehemu wafanyakazi wanahojiwa. Alafu muulize bosi mwenyewe: saa ngapi za uhakika kwa wiki, zimeandikwa wapi, muda wa njiani unalipwa, gari la nani, na nikiondoka kabla ya muda unanidai nini. Ile ya mwisho iulizeni kwa nguvu. Kuna kontrakti zina kipengele cha kurudisha gharama, na watu wamejikuta wanadaiwa maelfu ya pauni. Bosi akikasirika kwa maswali haya ushapata jibu.

Familia nayo niseme haraka. Waliodhaminiwa kwenye kea kabla ya tarehe 11 Machi 2024 waliruhusiwa kuleta mke, mume, watoto. Walioingia baada ya hapo hawaruhusiwi. Nina mwenzangu kazini alikuja mwezi wa tano 2024, mtoto wake amejifunza kutembea kwa video kolu. Nesi hio haimgusi, yeye bado analeta familia.

Na kwa manesi, nyie njia yenu ni nyengine na ni bora, msichanganye na hii yetu. Mnaanza na NMC, baraza la kusajili manesi la huku, mtihani wa kompyuta mkiwa nyumbani, alafu ule wa vitendo huku, hospitali nyingi za serikali zinagharamia na zinatangaza kazi zao bure kwenye tovuti ya NHS Jobs. Kenya ina makubaliano na Uingereza tangu Julai 2021 kwaio ajira za manesi zinatakiwa zipitie mpango wa serikali mbili. Ndugu zetu wa Tanzania, nchi yenu iko kwenye orodha nyekundu ambayo waajiri na maajenti wamekatazwa kuja kuwatafuta watu huko, manake WHO wanasema mna upungufu mkubwa. Wewe mwenyewe nesi wa Muhimbili ukiomba kazi moja kwa moja unaruhusiwa. Lakini ajenti anayefanya semina hotelini Dar akiwakusanya manesi wa kwenda UK, huyo tayari anavunja utaratibu wa kule anakodai anawapeleka.

Nyota moja niliyoikata serikali ni ya ukaazi wa kudumu. Tuliingia tukiambiwa ukikaa miaka 5 unaweza kuuomba. Mei 2025 wakasema wanataka iwe 10, Novemba 2025 wakaja na pendekezo la 15 kwa watu wa kazi za chini ya kiwango cha digrii, na sisi wa kea ndo tumelengwa humo, hata tulioko ndani tayari. Kubadilisha bei mteja akiwa ashakaa mezani na ashakula nusu sahani, hilo hata mama wa mahamri Marikiti hafanyi.

Bosi wa sahivi ni nyumba ya wazee, sio majumbani, kwaio gari sihitaji, natembea kwa miguu. Saa 37 na nusu kila wiki, zipo kwenye kontrakti na zipo kwenye payslipu. Meneja ni mama mkali wa Kijamaika anayejua jina la kila mtoto wetu, na ndo aliyenionyesha upande wa bosi unavyokua: kila mmoja wetu aliyedhaminiwa ana faili, mshahara wetu ukishuka chini ya kile alichokiandika kwenye CoS anatakiwa aripoti, tukihama nyumba anatakiwa awe na anwani mpya, wakaguzi wanaweza kutokea bila hodi. Anasema watu wa Home Office walimuuliza maswali mengi zaidi ya aliyoulizwa na benki akinunua nyumba. Nampa nyota nne. Ya tano nitampa siku rota ya Krismasi itakapotoka kabla ya tarehe 20 Disemba.